Sensa ya Boaz

Mtambo uliandika kwamba hakuna maji, na Nzuki alikuwa amesimama ndani ya maji hadi kifuani. Alikuwa akisukuma ufagio wa bwawa, akikusanya vifuniko vya soda na nyuzi za nywele za bandia, pampu ilipokata ghafla nyuma ya ukuta. Ikafuata ile milio ya boksi, pii, pii, pii, kama kifaranga aliyepotezana na mamake. Halafu dirisha la juu likafunguka. Halikuwa na kawaida ya kukosa.

"Fundi. Simu yangu inasema hakuna maji."

"Maji yapo, mama. Niko ndani yake."

"Sasa mbona inasema hayapo?"

"Haijui."

"Haijui aje na hiyo ndio kazi yake, kujua?"

Nzuki aliegemeza ufagio ukutani. Alipanda ngazi, kaptula ikimchuruzika, akaenda chumba cha pampu kubonyeza kile kitufe cha kuubembeleza mtambo. Ndiyo kazi aliyobaki nayo uzeeni, kubembeleza boksi. Alikuwa ameosha mabwawa Malindi, akaosha Nanyuki, akaosha Eldoret mpaka baridi ikamfukuza, na kote huko bwawa lilikuwa shimo lenye maji. Unaliosha, unalitilia dawa, unaenda zako. Hili la Kabiro, hapa Kawangware, lilikuwa na akili, na akili yenyewe ilikuwa ya mtu mwenye wasiwasi.

Mwenye bwawa, na mwenye sauti ya dirishani, alikuwa Everlyne, mama wa gesti. Makanisa ya Kawangware yalilikodi kwa ubatizo, na wazazi wa Gatina wakaleta watoto wakati wa likizo. Alinunua mtambo ule, boksi jeusi lenye sensa, yaani vijiti vya kupimia, vilivyozamishwa kwenye bomba, kwa sababu moja aliyoitaja mwenyewe siku ulipofungwa: "Fundi, sasa ukitaka kwenda kwenu unaenda. Hii itawasha pampu, itapima dawa, itajioshea filta. Mimi nitaona yote kwa simu."

Nzuki akaamini. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Akawapigia watu wake Mwingi wapange ntheo ya binti yake Ndanu, siku ambayo upande wa mume huleta mbuzi na baba wa binti huwapokea kwa mkono wake. Kwao Ukambani, bila mbuzi hao, mwanamke ni mgeni tu katika nyumba ya mwanamume, hata awe amemzalia. Siku ikapangwa. Mtambo ukaandika hakuna maji. Everlyne akasema fundi hatoki mashine ikiwa inalia, na siku ikaahirishwa. Wakwe hawakusema neno, na wakwe wakinyamaza hivyo ujue wanaongea sana mahali pengine. Sasa ilikuwa imepangwa tena, Jumamosi hii, na ujumbe kutoka nyumbani ulikuwa mfupi: mara hii baba asipoonekana, mbuzi watageuzwa langoni na warudi walikotoka. Ndanu mwenyewe hakutuma ujumbe wowote. Hilo ndilo lililomnyima baba yake usingizi.

Na leo ilikuwa Jumatano.

Ugonjwa wa mtambo Nzuki aliujua vizuri. Ugonjwa uliitwa Musau, na ulikuwa upande wa pili wa ukuta, umevaa miwani myeusi, ukichomelea mageti. Kila Musau alipogusisha chuma, umeme wa mtaa mzima ulipepesa, taa za gesti zikakonyeza, na mtambo ukashtuka ukadhani maji yamekauka duniani. Ukazima pampu. Ukamwandikia Everlyne. Kisha ukakaa hapo unalia mpaka mtu aje auguse.

Nzuki alichungulia juu ya ukuta.

"Musau, hebu pumzika hadi Jumapili tu."

"Nikipumzika nitakula nini? Hiyo pool?"

"Binti yangu ana ntheo."

"Najua, na mimi nitataka nyama. Lakini hii geti inangojewa Gatina kesho." Musau akainua miwani, macho yake mekundu yakacheka. "Ambia hiyo mashine yako ivae miwani kama mimi."

Walikuwa wameshajaribu stebilaiza, lile dude la kutuliza umeme. Matokeo yake ni kwamba Musau akigusa chuma, sasa vitu viwili vililia. Walikuwa wamehamisha waya. Walikuwa wamevisafisha vijiti kwa siki, wakageuza swichi ya kuhisi maji ifuate mshale wa bomba, wakamwita yule kijana aliyeufunga mtambo, naye akaja, akauzima, akauwasha, akasema uko sawa, akaenda. Musau siku hiyo alikuwa amekwenda kununua vyuma.

Everlyne hakutaka kusikia habari ya Musau.

"Fundi, kila siku Musau. Boaz yuko pale Toi, si ndio? Amezungukwa na watu wa kuchomelea kulia na kushoto. Na mashine yake hailii hata siku moja. Huyo shemeji yangu anaendesha pool na simu akiwa amekaa kwa kibanda anakunywa chai, na kila tukikutana kwa mama lazima anionyeshe. Yake nyeupe, yetu nyeusi, haya. Umeme si ni ule ule?"

"Ni ule ule, mama."

"Basi kesho enda Kibera uangalie. Kile kinafanya yake itulie, weka kwa yetu. Yetu ikitulia, enda kwa mbuzi zako. Kwani mimi nimekufunga kamba?"

Nzuki alitaka kusema kwamba ndiyo, amemfunga. Akarudi kwenye ufagio.

Bwawa la Boaz lilikuwa nyuma ya Soko la Toi, pale Kibera inapoanza, ndani ya ua wa mabati yaliyopakwa rangi ya samawati na kuchorwa samaki wenye meno ya watu. Boaz, aliyemwoa dadake Everlyne, alimpokea langoni simu ikiwa tayari mkononi, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

"Karibu fundi. Shemeji amekutuma, najua. Kiburi kimeisha. Sasa simama hapo, usiangalie mimi, angalia maji."

Akabonyeza. Maji yakatulia vilevile. Mahali fulani nyuma ya ukuta kitu kikaanguka, kama ndoo. Kisha pampu ikanguruma na maji yakaanza kumwagika kutoka midomo ya bomba.

"Inachukua muda kidogo," Nzuki akasema.

"Inafikiria. Yenu inafikiria? Yenu inapiga kelele tu. Hiyo yenu ni ya kupima-pima, vijiti mingi, maneno mingi. Hii yangu ni ya kutii. Naituma, inaenda."

"Na umeme ukiyumba?"

"Haishtuki. Sikiza." Nje ya mabati mafundi wawili walikuwa wakichomelea kwa pamoja, cheche zikionekana kupitia matundu ya misumari. Pampu ikaendelea kunguruma bila wasiwasi.

Nzuki aliona wivu, wivu wa kweli, kama wa mtu anayeona ng'ombe wa jirani akitoa maziwa. Alijaribu kutafuta dosari. "Na filta ikijaa uchafu?"

Boaz akabonyeza tena. Kimya kidogo. Mlio wa chuma kikizungushwa, kisha maji machafu yakatiririka kwenye mtaro. Boaz akatabasamu. Akabonyeza yarudi yalivyokuwa. Hakuna kitu. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Maji machafu yakaendelea kwenda zake mtaroni.

Celine, msichana wa kukata tikiti, alikuwa kwenye dirisha lake. Hakuinua hata uso. "Ngoja kidogo, bosi. Sensa imeenda msalani."

"Huyu na vituko vyake," Boaz akamwambia Nzuki, akacheka kidogo, na hapo simu ikaita, akaondoka nayo kuelekea sokoni. "Angalia boksi vile unataka, mzee. Usiguse tu."

Nzuki alizunguka nyuma. Kabla hajafika mlango wa chumba cha pampu, mwanamume mmoja mrefu alimpita mbio akitoka upande wa vyoo, mshipi haujafungwa, akaingia ndani kwa bega. Nzuki akamfuata. Akamwona akitazama taa ya kijani iliyokuwa ikimulika kwenye boksi jeupe, kisha akishika mkono wa chuma wa kugeuzia filta kwa mikono miwili na kuuzungusha, kisha akirukia swichi ukutani. Pampu ikaitika. Boksi likaandika: IMEWAKA.

Mtu yule akageuka. Wakaangaliana.

"Wewe ni nani?"

"Nzuki. Fundi wa Everlyne, Kabiro."

Mtu yule akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunga mshipi polepole. "Basi umeona."

"Nimeona nini?"

"Mzee wangu, usinifanye mjinga. Umeona."

Jina lake lilikuwa Wakoli. Alieleza bila kuombwa, kama mtu aliyekaa na maneno mdomoni muda mrefu. Boaz alipoleta mtambo alimfuta kazi yule aliyekuwa akisaidiana na Wakoli, akasema kazi ya watu wawili sasa ni ya mashine na mtu mmoja wa kuipangusa vumbi. Wiki hiyohiyo geti likang'oka bawaba. Wakoli akampa fundi wa geti umeme kutoka soketi ya chumba hiki. Fundi akagusisha chuma mara moja tu. Boksi likatoa moshi mdogo, kama wa sigara, likanyamaza. Taa zikarudi. Maandishi yakarudi. Simu ya Boaz ikabonyezwa, taa ya kijani ikamulika, lakini ile nguvu ya kuwasha ilikuwa imekufa.

"Nikawasha na mkono," Wakoli akasema. "Nikajifikiria, leo tu, kesho nitamwambia. Maji ikipita, hiyo boksi inamwandikia imewaka. Boksi haijui nani amewasha."

"Tangu lini?"

"We acha tu. Mke wangu Nafuna anaamini nina mwanamke mwingine huku. Ananiuliza, mashine inafanya kazi yote, wewe unakaa huko unafanya nini? Nimjibu nini? Nikitaka kuoga nangoja Boaz alale. Siku anapata usingizi wa mchana namshukuru Mungu kabisa." Akaangalia taa ya kijani, akaangalia mlango. "Celine ndiye alijua. Ndiye ananiita Sensa."

Nzuki alijikuta amekasirika, na hakujua amekasirikia nani. Alikuwa ametembea kutoka Kawangware na miguu yake mibovu kuja kuona mtambo bora kuliko wote, na mtambo wenyewe ulikuwa mtu mzima aliyenyimwa choo. Akisema ukweli Kabiro, kesho Wakoli yuko barabarani. Akinyamaza, Everlyne atamwambia arekebishe, na hakuna cha kurekebisha, na Jumamosi atakuwa chumba cha pampu akibembeleza boksi huku mbuzi wanageuzwa. Alisimama hapo akilaani kimoyomoyo boksi jeupe, boksi jeusi, na mtu wa kwanza aliyefikiri kwamba maji yanahitaji simu.

"Ukiomba ruhusa ya Jumamosi," akauliza mwishowe, "Boaz atakupa?"

"Sijawahi kuomba. Nani atawasha?"

"Sijauliza nani atawasha. Nimeuliza atakupa?"

Everlyne alikuwa akimngoja langoni mwa gesti. Mtambo ulikuwa unalia. Musau alikuwa anamalizia geti la Gatina.

"Umepata?"

"Nimepata. Ni sensa." Nzuki aliangalia viatu vyake. "Boksi hazina tofauti kubwa. Yake ina sensa nzuri kushinda yetu."

Everlyne hakuwa mtu wa kulaza jambo. Alitoa simu, akaweka sauti isikike na wote.

"Shemeji, fundi anasema una sensa. Nisaidie nayo hadi Jumapili."

Upande wa pili kikombe kikatuliwa mezani. Nzuki alimsikia Boaz akitafuta kichwani kitu ambacho hakijui lakini hawezi kukiri kwamba hakijui, si mbele ya shemeji yake.

"Sensa," Boaz akasema. "Eeh. Ile sensa. Chukua tu. Mwambie fundi aje aitoe. Mimi yangu hata bila sensa inaenda."

"Asante. Usiniringie lakini."

Nzuki akakohoa. "Mama, ile haikai peke yake. Inakuja na mtu wa kuichunga."

Everlyne alimtazama kidogo kuliko kawaida, kisha akamtazama sana. "Mtu."

"Mtu."

"Na huyo mtu anajua kuzima hiyo kelele?"

"Hakuna anayejua kumshinda."

"Sawa," akasema, akaingia ndani. Nzuki hakuweza kujua ni sawa ya namna gani.

Wakoli alifika Kabiro Ijumaa jioni, amebeba shuka na chupa ya chai. Uso wake haukuwa wa kucheka wala wa kulia.

"Umepewa ruhusa?"

"Nimepewa. Unajua ameniambia nini? Ameniambia, 'Kwani wewe unafanyanga nini hapa? Enda hata mwezi mzima. Mashine iko.'" Akarudia polepole, kama anayeonja kitu kichungu. "Mashine iko."

Nzuki akamwonyesha kazi. Boksi ndilo hili. Musau akigusisha chuma, taa zinakonyeza, pampu inakata, boksi linalia. Bonyeza hapa, ngoja kidogo, bonyeza hapa. Dawa usiliamini boksi, pima mwenyewe. Wakati huohuo Musau, kana kwamba ameitwa, akagusisha chuma. Pii, pii, pii. Wakoli akabonyeza, akangoja, akabonyeza. Pampu ikaamka.

"Hii yenu ni mbaya," akasema baada ya kufikiri. "Yetu ni ya kutumwa. Inamulika, unaenda. Hii ni ya kulea."

"Sasa utailea hadi Jumapili."

"Nitailea. Wewe nenda, mzee wangu. Na ukirudi, uniletee hata mfupa."

Mwingi kulikuwa na jua kali na watu wengi kuliko viti. Nzuki alikuwa amevaa koti alilolinunua Toi miaka ile bado ana kifua. Ndanu alimwona akiingia uani, akaingia jikoni, na baada ya muda akatoka na maji ya kunawa akampa baba yake kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Nzuki akanawa akijifanya vumbi limemwingia jichoni.

Mbuzi walifungwa kwenye mti wa uani, wakilalamika. Mzee wa upande wa mume alisimama, akakohoa, akaanza kumtafuta baba wa binti kwa macho, na Nzuki alipokuwa anainuka simu ikaita mfukoni. Boaz.

Angeiacha. Lakini mkono ulikuwa umezoea vibaya.

"Fundi, wewe umeniharibia." Sauti ya Boaz ilikuwa ya mtu anayetembea huku na huku. "Tangu utoe ile sensa mashine imekufa. Nabonyeza, hakuna. Nabonyeza, hakuna. Watoto wa watu wako kwa maji imekuwa kama supu. Celine ananicheka, hata hataki kuniambia ni nini."

"Si ulisema hata bila sensa inaenda?"

"Nilisema hivyo kwa shemeji. Wewe ni fundi, ungejua."

Nzuki alitazama mbuzi. Mzee wa upande wa mume alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, akingoja.

"Sikiza, Boaz. Ingia chumba cha pampu. Ukutani kuna swichi. Washa na mkono wako. Jumatatu uite fundi wa umeme aifungue hiyo boksi, ndani imeungua."

"Imeungua lini?"

"Kwani mimi nilikuwa hapo? Imeungua. Na ukiona mtu anawasha hiyo swichi na mkono siku nyingine, mpe kiti akae."

Akakata. Kabla simu haijafika mfukoni ikalia tena, mlio mfupi wa ujumbe. Everlyne. Nzuki alijua jinsi ujumbe wa Everlyne unavyoanza, na alijua kwamba ukianza hivyo ataondoka hapa, na mbuzi nao wataondoka.

Aliusoma akiwa amesimama, mbele ya wakwe wote.

"Fundi hiyo sensa yako inakunywa chai na sukari mingi. Nimeipikia. Pool iko sawa. Pokea mbuzi zako. Jumatatu mimi na wewe tutaongea."

Akausoma mara ya pili, hasa pale pa Jumatatu. Hapakuwa na namna ya kupasoma pakawa pa heri.

"Baba Ndanu," shemeji yake akanong'ona nyuma yake, "ni nani hao wanakusumbua?"

"Ni maji."

Mbuzi mmoja akalia, mlio mwembamba, mrefu, wa kurudiarudia, na kidole gumba cha Nzuki kikajikunja chenyewe kutafuta kitufe. Akakikunjua. Akaizima simu, akampa shemeji aishike, akaenda mbele kupokea kamba za mbuzi.